Siku Leta Iliponiandika Kiziwi

Daktari alinipima masikio akiwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa mzungu, lakini si Mbelgiji. Wabelgiji walikuwa wamefungasha na kuondoka Beni katika wiki za kwanza za uhuru, na hospitali ikabaki na wauguzi peke yao mpaka alipoletwa huyu, mrefu, mwenye nywele nyeupe na mikono baridi. Kifaransa hakujua. Kiswahili alijua kuhesabu na kusema "vuta pumzi." Mengine yote yalipitia kwa muuguzi mmoja wa kwetu aliyewahi kufanya kazi Uganda na kurudi na Kiingereza.

"Atakuwa anasema hesabu pole pole," muuguzi aliniambia. "Weye unarudilia. Hapana kugeuka."

"Tatu," daktari alinong'ona nyuma yangu.

"Tatu," nikasema.

"Saba."

"Saba."

Nilisikia viatu vyake vikienda mpaka mlangoni. Kutoka huko akanong'ona "kenda," yaani tisa, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeongea na nafsi yake, na mimi nikasema "kenda." Akacheka, akarudi mezani, akajaza karatasi yake mstari kwa mstari, na chini kabisa akaandika neno moja. Alilisema huku akiliandika. Mimi nilisikia "saundi."

"Anasema uko muzima," muuguzi alifasiri. "Enda na furaha."

Nilikwenda na furaha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa wakulima wa Kipese, kule juu ambako asubuhi ukungu unalala kwenye mashamba ya viazi mpaka jua lipande sana. Nilikuwa nimemaliza shule ya masera, watawa wa Butembo, na katika mlima wetu hakuna msichana aliyekuwa amefika hapo kabla yangu. Shule ya Leta, yaani ya serikali, huko Beni upande wa kwenda Mavivi, ilikuwa inatafuta mwalimu wa kike wa darasa la kwanza. Waliomba cheti cha shule, cheti cha ubatizo na karatasi ya daktari. Vyote vitatu nilivipata. Karatasi ya daktari haikupitia mikononi mwangu. Hospitali iliipeleka yenyewe kwenye ofisi ya shule za Leta, na mimi nikaambiwa nirudi baada ya majuma mawili.

Mkuu wa ofisi ile alikuwa ametoka mkoa wa mbali, kule mto unakoteremka. Viatu vyake viling'aa. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa haraka baada ya kuletwa kwetu, na akikasirika alirudi kwenye Lingala. Hakunionyesha kiti.

"Dossier yako imekataliwa," alisema, akigonga faili langu kwa kidole.

"Juu ya nini, monsieur?"

"Docteur anasema weye uko sourde. Masikio imekufa."

Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba arudie. Hilo lilikuwa kosa langu. Alimtazama karani wake, na wote wawili wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Monsieur, niko nakusikia," nikasema. "Tunaongea weye na miye."

"Unanitazama mudomo."

Basi nikageuka. Niligeukia ukuta, nikatazama kalenda ya zamani iliyokuwa imening'inizwa pale, na nikamwambia aseme kitu chochote, nitakirudia. Nikasubiri. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi, nikasikia karani akipiga chafya, nikasikia pikipiki ikipita nje. Sauti ya mkuu sikuisikia. Nilipogeuka nilimkuta anatia sahihi barua za watu wengine.

"Unaona?" alisema. "Hukusikia kitu."

"Hukusema kitu."

Karani alicheka. Mkuu hakucheka. Alichomoa karatasi kutoka kwenye faili langu, akaiinua juu, mbali na mkono wangu, na kuweka kidole chini yake. Niliona s, nikaona o, nikaona u, kisha wino uliopindika, kisha d.

"Iko andikwa hapa: sourd. Alisahau tu ile e ya mwanamuke, kwa sababu yeye ni mugeni. Donc, mwalimu kiziwi atasikia namna gani batoto wakisoma? Enda."

Niliomba niishike ile karatasi. Alisema karatasi ya Leta haishikwi na kila mtu.

Nilikimbia hospitali. Daktari alikuwa amehamishwa siku chache kabla, na muuguzi aliyefasiri amechukuliwa pamoja naye. Hakuna aliyejua vizuri wamepelekwa wapi. Nilipanda lori la mizigo mpaka Butembo, nikaketi juu ya magunia ya kahawa, na njia nzima nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Watu wanachanganya haya mawili wakiona machozi ya mwanamke.

Masera aliyetufundisha Kifaransa alikuwa mzee, Mflama, yaani Mbelgiji ambaye lugha ya kwao si Kifaransa, mwenye Kifaransa kigumu ambacho hata sisi wanafunzi tulikicheka kwa siri. Nilimweleza kila kitu. Hakuniuliza kama kweli nasikia. Aliuliza swali moja tu.

"Ule docteur, alipoandika, alisema neno gani na kinywa?"

"Saundi."

Alivuta daftari na kuandika herufi tano: sound. Pembeni yake akaandika sourd. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu mahali pamoja tu palipotofautiana, n yenye miguu miwili na r yenye mguu mmoja.

"Hii ni Kiingereza," alisema. "Ni kusema mutu muzima, mutu bila kasoro. Na miye ninaijua hata kama sikusoma sana Kiingereza, kwa sababu ni neno ya kwetu. Kwetu tunasema gezond. Wajerumani nao wako nayo, mutu akipiga chafya wanamutakia hiyo hiyo. Waingereza walikuwa nayo zamani vile vile, na ile ge mbele. Wakaiacha njiani. Ikabakia sund, halafu wakaanza kuiandika hivi."

Nilimwambia kwamba katika kitabu kimoja cha Kiingereza nilichowahi kukiona kwa mfanyabiashara wa Kasindi, neno hilo lilikuwa na maana ya sauti.

"Hiyo ni ingine," alisema. "Hiyo ilifika kwa Waingereza kutoka kwa watu wenye kusema Kifaransa, ni ndugu ya son, neno yao ya sauti. Yanafanana uso tu. Maneno mawili, njia mbili, leo yanaandikwa sawa."

Nimekaa na maelezo yale maisha yangu yote. Kiswahili chetu kina neno moja, mzima, nalo limebeba mambo mengi: aliye hai, asiye mgonjwa, aliyekomaa, kitu kisichokatwa. Baba yangu kila asubuhi aliniamkia kwa neno hilo, "uko muzima?", na mimi niliitika bila kufikiri. Sikuwahi kujua kwamba neno la namna hiyo linaweza kusafiri kutoka kwa Wajerumani wa kale, likapoteza kichwa chake njiani, likafika Beni mkononi mwa daktari mwema, na kugeuka kuwa ugonjwa mezani kwa mtu mmoja mvivu wa kusoma. Kama alikuwa mvivu. Wakati ule bado nilitaka kuamini kwamba alikuwa mvivu.

Masera aliandika barua, ukurasa mzima, kwa heshima kubwa, akaeleza neno na asili yake. Niliipeleka mwenyewe. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, na nikaona shingo yake ikivimba.

"Baflama walitutawala miaka yote ile," alisema. "Sasa tuko na uhuru, na wanataka bado kutusomea karatasi zetu."

Hapo ndipo aliponiumiza zaidi, kwa sababu lile alilosema lilikuwa la kweli. Na mimi nilikuwa nimechoka kusomewa na Wazungu. Na mimi nilikuwa nimeimba siku ya uhuru mpaka sauti ikakauka. Alichukua kidonda cha sisi sote na kukitumia kunifungia mlango mimi peke yangu.

"Kazi ya Leta inafanywa mu Kifaransa," aliendelea. "Mu Kifaransa hakuna neno sound. Kuko sourd. Tika, acha makelele, enda kwenu."

Mwezi uliofuata nilisikia kwamba nafasi ile imepewa mdogo wa mke wake, aliyekuwa amefika kutoka mkoa wao. Sikujua niunganishe mambo haya mawili au nisiyaunganishe.

Habari ya karatasi ilipanda mpaka Kipese kabla yangu. Nilikuwa nimechumbiwa na kijana wa Vulamba, kijiji cha jirani, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, na mbuzi wa kwanza wa mahari walikuwa tayari kwenye zizi letu. Wajomba zake walikuja watatu. Walikunywa kile walichopewa, wakasifu viazi vya baba, kisha mkubwa wao akasema kilichowaleta.

"Sisi hatumukatae binti. Mais Leta iliandika. Na hii mambo ya masikio inaingia mu damu, inafika kwa batoto."

"Binti yangu ni muzima," baba alisema.

"Ni muzima ya hapa nyumbani, mukubwa. Haiko muzima ya Leta."

Baba aliniita kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida, akaniambia nilete maji. Nilileta. Akaniita tena akiwa amenipa mgongo, akaniuliza jina la shangazi yangu, nikalitaja. Alikuwa ananipima mbele yao kama ng'ombe wa mnadani, yeye baba yangu, na nilimwona anavyoumia. Wale wajomba walitazama chini. Walijua kwamba nasikia. Kila mtu katika mlima ule alijua kwamba nasikia. Lakini karatasi yenye muhuri ilikuwa imesema, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuibishia.

Mchumba alikuja kesho yake kuchukua mbuzi. Alisimama karibu na zizi, akasema kwa sauti ya chini sana, "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Najua unanisikia."

"Basi uwaambie."

Alifungua mlango wa zizi. "Ni bakubwa," alisema. "Nitawaambia nini?" Kisha akawatoa mbuzi mmoja mmoja na kuteremka nao. Mkuu wa ofisi alikuwa mgeni kwangu, sikumtegemea kwa lolote. Huyu nilimtegemea. Hasira niliyokuwa nayo juu yake ilinitoka baada ya miaka mingi tu, na haikutoka yote.

Nililima. Nilibeba viazi na vitunguu majani mpaka kando ya barabara kubwa, mahali malori yanaposimama. Wanawake niliokua nao walianza kuninyanyulia vidole badala ya kuniambia bei. Wengine walipaza sauti masikioni mwangu kama ninatoka usingizini. Mwanzoni nilijieleza. Niliwasimulia habari ya n na r, ya gezond, ya masera, nao waliitikia kwa vichwa kwa upole ule ule wa karani. Baadaye niliacha. Nilijifunza kwamba mtu akianza kueleza kwamba yeye si kiziwi, anaonekana kiziwi zaidi.

Kisha wakaja waasi. Tulisikia habari zao mbele: kwamba wamevaa majani na ngozi, kwamba wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi ziwateleze, na kwamba wanawatafuta watu wa ofisi, wote wenye kalamu mfukoni, kwa sababu wamekula uhuru peke yao. Askari wa serikali walipita wakikimbia, kofia mkononi. Nyuma yao, siku iliyofuata, wakapita watumishi wa Beni na familia zao kwa miguu. Ilisemekana barabara ya Kasindi, ya kwenda mpakani Uganda, imefungwa, ndiyo sababu walikuja upande wetu.

Nilikuwa kando ya barabara na beseni langu la viazi vya kuchemsha nilipomwona. Viatu vyake havikuwa vinang'aa tena. Kimoja kilifungwa kwa kamba. Mke wake alimbeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa kiasi cha kutembea, lakini nyayo zake zilikuwa zimevimba.

"Mama, mayi kidogo," alisema. "Na ile njia ya kwenda Lubero bila kupita barabara kubwa, iko wapi?"

Nilimpa mke maji. Alimnywesha mtoto kwanza. Kibuyu kiliporudi bado kilikuwa na maji, na nilikishika.

"Unanijua?" nilimwuliza.

Alinitazama. "Hapana, mama."

"Ni miye ule kiziwi wa shule ya Mavivi."

Nilikuwa nimeyapanga maneno haya kwa miaka mitatu, kila siku nikiwa na jembe. Nilitaka nione uso wake ukianguka. Haukuanguka. Alitafuta kichwani, kweli alitafuta, niliona, na hakunikuta humo.

"Batu mingi walipita mu bureau," alisema.

"Neno lilikuwa sound. Weye ulisoma sourd. Ulikosea, ao ulijua?"

Mke wake alisema kitu kwa Lingala, kwa haraka, akitazama nyuma walikotoka. Mkuu alipangusa uso.

"Sikumbuke, mama. Nakuomba, njia iko wapi?"

Ningeweza kumwonyesha barabara kubwa. Ilikuwa pale pale, nyeupe na tupu, na waasi walikuwa nusu siku nyuma. Nataka niseme kwamba nilimsamehe, kwa sababu wasomaji wanapenda hivyo, lakini sikumsamehe. Nilitazama nyayo za yule mtoto. Nikamwonyesha mke, si yeye, njia ya juu inayopita kati ya mashamba ya Kipese, nikamwambia aulize nyumba ya baba yangu na aseme ametumwa na binti yake, watampa mahali pa kulala. Na kibuyu nikampa mume, akanywa. Walipanda. Baba aliwalaza kwenye stoo ya viazi, na asubuhi walikuwa wamekwenda. Sijui walifika wapi.

Waasi walikaa kwa miezi, na jeshi liliporudi lilikuwa na ukatili wake, likitafuta alama za chale za waasi kwenye vifua vya watu. Sitasimulia hayo, wengine wameona zaidi yangu. Nitasema tu kwamba vita vilipotulia masera wengi walikuwa wameondoka, walimu waliokuwa na kalamu mifukoni walikuwa wamekufa au kukimbia, na wazazi wa Vulamba walikuwa na watoto na nyumba moja ya shule bila mtu wa kusimama mbele. Walipanda Kipese kunitafuta. Kati yao alikuwamo mjomba mmoja wa wale watatu.

"Tulisikia ulimaliza kwa masera," alisema.

"Hamukusikia tena kwamba niko kiziwi?"

Alitazama kofia yake. "Batoto wanakaa bure," alisema.

Nilikubali, kwa ajili ya watoto na kwa ajili yangu mwenyewe, maana niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyotaka kumkatalia yeye. Hakuna aliyeniomba cheti chochote. Nilifundisha mwaka mzima nikilipwa kwa maharagwe na kuni, na nilikuwa mwalimu mzuri, ingawa mkali kupita kiasi kwenye mwandiko. Kuna msichana mdogo niliyemrudisha ubaoni kuandika n mpaka akalia na chaki ikamkatikia mkononi. Mama yake alikuja kuniuliza mtoto wake amekosa nini. Nilimpa chaki nzima ampelekee.

Mwaka uliofuata alikuja inspekta kutoka serikalini kutuingiza tena katika orodha ya walimu wa Leta. Naye alitoka mkoa mwingine, mtu mzima mwenye miwani, mpole. Faili langu lilikuwa limepona. Waasi walivunja madirisha ya ofisi ya Beni na kubeba viti, karatasi hawakuzitaka. Mwaka wangu wa kuzaliwa ulikuwa umelowa, hausomeki, basi akanipa faili lote nimwandikie upya. Hivyo ndivyo nilivyoishika karatasi ya daktari kwa mara ya kwanza.

Daktari alikuwa na mwandiko wa mtu aliyefundishwa vizuri. Macho, kifua, moyo, tumbo, kila mstari na alama yake ya vizuri. Masikio: alama mbili, kama vile moja haikutosha. Na chini kabisa lile neno, n yake pana, ina miguu miwili, mtoto wa darasa langu angeisoma. Juu yake kilikuwa kimebanwa kikaratasi chenye mwandiko mwingine, kwa Kifaransa: sourde, aondolewe. Ile e alikuwa ameiweka.

"Monsieur inspecteur," nikasema, "hii herufi ni n ao r?"

Alisogeza miwani. "Ni n."

"Na hapa, masikio?"

"Ni vizuri. Vizuri sana." Akasoma na kikaratasi cha juu.

"Basi utoshe hii," nikasema, nikimwonyesha kile kikaratasi ili akiondoe.

"Dossier hapana kupunguzwa, mama. Inaongezwa tu. Nitaandika ingine, nitasema unasikia." Aliandika, mistari miwili, akatia sahihi, akaibana juu ya kile cha kwanza. "Ni mambo ya zamani. Labda ule mutu alikufa mu vita. Umusamehe."

"Hakuna mutu aliyeniomba."

Nilimrudishia faili, nikaingia darasani kwa sababu ilikuwa saa ya hesabu. Niliwaambia watoto waandike kwenye vibao vyao chochote wanachokijua, kisha nikaenda kusimama dirishani, mgongo nimewageuzia. Nyuma yangu walikuwa wakinong'onezana habari za chakula, wakidhani siwasikii.